Somo la Vikundi vya Mafunzo: Mfarishi wa Mtoto Mchanga

Katika vyama vingi vya msingi, habari ya kujifungua kwa mwanachama au mke wa mwanachama haipiti kimya. Kina mama hukusanyana, mmoja akachukua unga wa uji, mwingine sabuni, mwingine kanga, wakaenda kumpa mzazi hongera. Somo hili linahusu zawadi nyingine iwezayo kuongezwa katika kapu hilo, nayo haipatikani dukani: mfarishi mdogo wa viraka, ulioshonwa kwa mkono kwa ajili ya mtoto mmoja tu. Wajumbe wa halmashauri wamezoea masomo ya hesabu, mikopo na upimaji wa mazao, na huenda mmoja wao akauliza ushonaji wa nguo za watoto unaingiaje katika ushirika. Jibu lake limo katikati ya somo. Kazi hii ya sindano imewahi kuzaa chama cha ushirika kilichodumu kwa zaidi ya miaka 40, na historia yake ina mafunzo machungu na matamu kwa kila mwanachama, hata kwa yule ambaye hajapata kutia uzi katika tundu la sindano.

Mfarishi ni nguo ya tabaka tatu. Juu pana uso, ambao aghalabu huungwa kwa viraka vya nguo mbalimbali. Chini pana bitana. Na katikati hutiwa kitu cha kuleta joto, kama pamba au blanketi jepesi. Tabaka hizo hushikanishwa kwa mishono midogo inayopita kutoka juu hadi chini, na mishono hiyo ndiyo iufanyayo mfarishi kuwa mfarishi. Bila ya hiyo, ni vitambaa vitatu vilivyolaliana tu. Wazee wa Pwani waliita kazi hiyo kudarizi, ingawa siku hizi neno hilo hutumika zaidi kwa mapambo ya nyuzi juu ya kofia na mito.

Ustadi huu hauna taifa moja. Huko Bengal, yaani Bangladesh na upande wa mashariki wa India, wanawake hukunja sari zilizochakaa tabaka juu ya tabaka, wakazipitisha uzi wa bandi toka mwanzo hadi mwisho, na nguo hiyo, iitwayo kantha, mara nyingi ndiyo inayompokea mtoto mchanga. Sababu yake ni ya busara. Nguo mpya ni ngumu na bado ina dawa za kiwandani. Ile iliyofuliwa miaka mingi imelainika, wala haikwaruzi ngozi changa. Jambo hilo si geni katika Afrika Mashariki, ambako kila bibi anajua kuwa kanga kuukuu ndiyo ya kumvika mtoto mchanga, na kanga mpya ni ya kumpendeza mama yake.

Furaha iliyomo katika kazi

Mtu anayemshonea mtoto mchanga anampa zawadi mtu asiyeweza kumshukuru, asiyejua jina lake, na ambaye hata akikua hatakumbuka siku aliyoipokea. Pengine ndiyo maana kazi hii huleta furaha ya namna ya pekee. Hakuna deni linalowekwa wala heshima inayotafutwa. Mshonaji hukaa jioni baada ya kutoka shambani, akachagua kipande cha rangi ya majani kukiweka kando ya kipande chekundu, akakitoa, akakirudisha. Na katika muda huo mawazo yake yote yamo juu ya kiumbe ambaye pengine bado hajazaliwa.

Halafu iko furaha ya vitambaa vyenyewe. Kila kiraka kina kwao. Hiki kimetoka katika shati la babu ambaye hakuwahi kumwona mjukuu, kile katika gauni ambalo shangazi alilivaa siku ya harusi, na kile kingine ni mabaki ya sare ya shule ya dada yake mtoto. Familia ikikaa juu ya mfarishi huo, hadithi hazina budi kuanza. Mtoto atajifunza ukoo wake kwa kuuliza rangi moja moja.

Na iko furaha ya kushona pamoja. Mfarishi mmoja waweza kuzungukwa na wanawake wanne, kila mmoja upande wake, mikono ikienda na mazungumzo yakienda. Viongozi wa vikundi wanafahamu kuwa yako mambo ambayo hayasemwi katika mkutano mkuu, penye mwenyekiti na kumbukumbu, lakini husemwa kwa wepesi pale macho yanapokuwa kwenye sindano. Mama mwenye shida ya nyumbani huitaja bila kumtazama mtu usoni. Mwanamwali anayetarajia uzazi wa kwanza husikia pale, pasipo aibu, mambo ambayo angeogopa kuyauliza zahanati.

Mfano wa Alabama

Katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, kuna mahali paitwapo Gee's Bend, panapozungukwa na mto pande tatu. Wakazi wake ni Weusi, wajukuu wa watumwa waliolima pamba katika shamba kubwa la hapo, na wengi wao bado wana jina la ukoo wa bwana wa zamani, Pettway. Baada ya utumwa kwisha walibaki kuwa wakulima wa kupanga, wakilima pamba kwa mkopo wa mfanyabiashara na kulipa wakati wa mavuno.

Wanachama wa vyama vya pamba watauelewa mwisho wa mpango huo bila kuelezwa sana. Bei ya pamba ilianguka na madeni yakalimbikizana. Mwaka 1932 mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiwakopesha alikuwa amekwisha kufariki, na watu wa upande wake wakaja kudai. Walichukua nyumbu, majembe ya kukokotwa, mikokoteni, mahindi ghalani, karibu kila kitu. Watu waliachwa kuingia katika majira ya baridi mikono mitupu, nao wangekufa kwa njaa kama wasingeletewa chakula cha msaada.

Katika nyumba za magogo ambazo upepo ulipenya katika kila ufa, mfarishi haukuwa pambo. Wanawake waliunga nguo za kazi zilizokwisha kuraruka magotini, magunia ya unga na ya mbolea, na kujazia pamba duni iliyofagiwa katika sakafu ya kinu cha kuchambulia, wakiipiga kwa fimbo mpaka ifumuke. Watoto walilala wengi kitandani, mifarishi kadhaa juu yao na mingine chini yao. Hata hivyo, ndani ya dhiki hiyo, hakuna aliyeshona ovyo. Mabinti walifundishwa na mama zao, na kila mmoja alitafuta mpango wake mwenyewe wa rangi, wa mistari na wa miraba iliyozungukana kama paa la nyumba litazamwapo kutoka juu. Mwaka 1942 Bibi Missouri Pettway, aliyekuwa amefiwa na mumewe, alichukua nguo za kazi za marehemu na kuziunga ziwe mfarishi, ili apate kumkumbuka kila ajifunikapo. Binti yake alimsaidia kuzichana.

Mwanzo wa chama ulikuwa hivi. Mwanzoni mwa 1965, ingawa Weusi walikuwa wengi kuliko Wazungu katika wilaya ya Wilcox, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameandikishwa kupiga kura. Wale waliojaribu kujiandikisha walifukuzwa kazini, na wengine walitolewa katika nyumba na mashamba waliyopanga. Hata pantoni iliyowavusha watu wa Gee's Bend kwenda mjini Camden ilikuwa imesimamishwa tangu 1962, na haikurudishwa hadi 2006. Mnamo Desemba 1965 kasisi mmoja, Francis X. Walter, aliyekuwa akizunguka vijijini kuandika habari za waliofukuzwa, aliona mifarishi mitatu imeanikwa kambani mbele ya nyumba. Mwenye nyumba, kwa kuona Mzungu mgeni anakuja, alikimbilia msituni. Na katika siku zile hakuna aliyeweza kumlaumu. Kasisi alirudi baadaye pamoja na watu wanaofahamika, akanunua mifarishi kwa dola 10 kila mmoja ili ipelekwe New York kuuzwa kwa mnada. Bei hiyo ilikuwa kubwa kwa washonaji wenyewe.

Machi 1966 wanawake zaidi ya 60 walikutana na kuunda chama chao cha ushirika, wakakiita Freedom Quilting Bee, yaani kusanyiko la uhuru la washona mifarishi. Bibi Estelle Witherspoon, mwenyeji wa hapo, alikiongoza kwa zaidi ya miaka 20. Chama kilinunua eka 23 za ardhi, na jambo la kwanza la kukumbukwa ni kwamba sehemu ya ardhi hiyo kiliziuzia familia zilizofukuzwa, zikajenga na kukaa pasipo kuogopa hati ya kuhamishwa. Mwaka 1969 jumba la kushonea lilifunguliwa na kupewa jina la Martin Luther King. Chama hicho pia kilikuwa miongoni mwa vyama vilivyoanzisha shirikisho la vyama vya ushirika vya kusini mwa Marekani mwaka 1967. Kwa wanawake wengi wale, hundi ya chama ilikuwa ndiyo fedha ya kwanza maishani iliyoandikwa kwa jina lao.

Hapo ndipo penye fundisho gumu. Maduka makubwa ya New York yalianza kuagiza mifarishi, lakini yalitaka mifarishi inayofanana: sampuli ileile, vipimo vilevile, mishono ya idadi ileile. Mteja aliyeona mmoja dirishani alitaka apate ndugu yake pacha. Wanawake ambao maisha yao yote hawakuwahi kushona mfarishi mmoja mara mbili iliwabidi wajifunze kufuata mchoro. Tangu 1972 kampuni ya Sears iliwapa mkataba wa kushona foronya za mito za koduroi, kile kitambaa kizito chenye michirizi, na kwa miaka mingi mkataba huo ukawa ndio nguzo ya mapato. Chakula kilipatikana, ada za watoto zililipwa, mabafu yalijengwa ndani ya nyumba. Si haki mtu aliyeshiba kuidharau kazi ya namna hiyo. Lakini foronya haina hadithi, wala hakuna anayeikumbuka.

Washonaji walifanya nini? Mabaki ya koduroi yaliyokatwa kiwandani waliyachukua nyumbani, na usiku, wakiwa hawana mchoro wala msimamizi, waliyaunga kuwa mifarishi ya watoto na wajukuu zao, rangi za kahawia, za dhahabu na za kijani, kila mmoja kwa akili yake. Mchana walishona kwa ajili ya soko, usiku kwa ajili ya nyumbani. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilipoonyeshwa katika jumba la sanaa la Houston na kisha New York, na wajuzi wakaistaajabia, iliyosifiwa zaidi ni ile iliyoshonwa pasipo kutarajiwa kuuzwa. Mwaka 2006 baadhi yake ilichapwa juu ya stempu za posta za Marekani. Chama chenyewe, baada ya wazee kufariki na oda kupungua, kilifungwa 2012.

Kwa hiyo lisitolewe fundisho jepesi kuwa soko ni baya na zawadi ni njema. Bila soko wale kina mama wasingepata ardhi. Ila chama kinachogeuza kila kazi ya mkono kuwa bidhaa hukausha kisima ambamo ustadi wenyewe hutekwa. Inafaa kiwepo kitu ambacho kikundi hushona kwa kutoa tu, na hakuna kinachofaa zaidi ya mfarishi wa mtoto, kwa kuwa ni mdogo, huisha upesi, na haugharimu kitambaa kingi.

Namna ya kushona

Vipande hukusanywa kwanza. Mafundi cherehani hutupa mabaki kila siku, na wengi watafurahi kuyatoa bure wakiombwa kwa adabu. Vichaguliwe vitambaa vya pamba vyenye uzito unaolingana. Kaki ikiungwa na kitambaa chepesi, baada ya kufuliwa mara chache chepesi hukwanyuka penye mshono. Vitambaa vyote vifuliwe kabla ya kukatwa, kila rangi peke yake, na visuuzwe hadi maji yawe meupe. Baadhi ya vitenge huchuja rangi kwa muda mrefu, na vingine hurudi, yaani hupungua kipimo. Kazi hii huwachosha wasio na subira, nao ndio ambao baadaye hulalamika kuwa mfarishi umejikunja.

Kipimo kizuri ni sentimita 90 kwa 90. Hukatwa kielelezo cha boksi gumu chenye sentimita 12 kila upande, na kwa kielelezo hicho hukatwa miraba 81. Kila mraba hupoteza sentimita moja kila upande penye mshono, hivyo hubaki sentimita 10. Na miraba tisa kwa tisa huleta 90 kamili. Miraba hupangwa kwanza juu ya jamvi au kitandani, hutazamwa kwa mbali, hubadilishwa, kisha huungwa safu moja moja, na safu huunganishwa baada ya kupigwa pasi. Mwenye cherehani na atumie cherehani hapa. Asiye nayo ashone kwa mkono, na aingilie nyuma kidogo kila baada ya mishono michache ili uzi usilegee.

Katikati, blanketi jembamba la pamba lililochakaa hufaa kuliko pamba mbichi, maana pamba mbichi huhitaji mishono ya karibu sana isikusanyike pembeni. Sufi isitumiwe kabisa, ingawa ni rahisi kupatikana. Hujifunga mabonge ikifuliwa, na vumbi lake si jema kwa kifua cha mtoto. Bitana ikatwe kubwa kidogo, sentimita 100 kila upande, itandazwe chini uso wake ukiwa umelala, blanketi juu yake, na uso wa viraka juu ya yote. Tabaka zishikizwe kwa bandi ndefu kutoka katikati kwenda pembeni; anayeanzia pembeni atajikuta na furushi katikati. Ndipo mishono ya kudarizi ifuate, mistari yake isiachane zaidi ya sentimita 10. Mwisho, kingo zikatwe sawa na kufungwa kwa utepe wa kitambaa, ambao jumla yake hukaribia mita nne.

Mambo mawili hayana mjadala. Mfarishi wa mtoto hauwekwi vifungo, shanga, wala utepe unaoning'inia, kwa kuwa kila kitu kilicho karibu na mtoto huishia kinywani. Na pini huhesabiwa kabla ya kazi na baada ya kazi, mtu mmoja akiwa ndiye mwenye dhamana ya hesabu hiyo, kama mweka hazina alivyo na dhamana ya sanduku. Pini moja ikikosekana, hakuna anayeondoka mpaka ionekane.

Mfarishi uliokwisha hufuliwa, huanikwa juani, na hupigwa pasi ya moto pande zote mbili. Pasi hiyo si kwa ajili ya urembo tu. Yuko nzi ambaye hutaga mayai juu ya nguo zinazoanikwa nje, na funza wake huingia katika ngozi. Joto la pasi huyaua.

Matumizi yaliyo salama

Mtoto mchanga hupoteza joto upesi, na aliyezaliwa kabla ya wakati hulipoteza upesi zaidi. Katika miinuko ya Kilimanjaro, Njombe au Mbeya wakati wa kipupwe jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto akaushwe mara azaliwapo, alazwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na asiogeshwe kabla ya saa 24. Hakuna mfarishi unaoshinda kifua cha mama. Mfarishi hufunika migongo ya wote wawili.

Jambo la pili wanavikundi walishike na kulisema kila wanapotoa zawadi, hata kama linapunguza utamu wa hongera. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hulazwa chali, na kitandani pake hapawekwi mfarishi uliolegea, mto wala kitu chochote laini kinachoweza kumfunika uso. Madaktari wa watoto wanalisisitiza jambo hili kwa sababu watoto wamekufa kwa kukosa hewa. Kwa hiyo mfarishi ni wa kumfunika mama anapombeba mtoto mgongoni penye baridi, wa kutandikwa chini mchana ajifunze kugeuka na kukaa mbele ya macho ya mkubwa, na wa kumpakata wakati wa kunyonya. Akifikisha mwaka na kuendelea, hapo ndipo utakuwa blanketi lake la kulalia, na wengi huukumbatia mpaka waanze shule.

Hesabu na utaratibu

Kikundi kitakachoulizwa bei kijue kupiga hesabu. Tuseme vifaa vimegharimu shilingi 15,000 na kazi imechukua saa 25. Saa moja ikithaminiwa shilingi 2,000, kazi ni shilingi 50,000, na mfarishi wote shilingi 65,000. Akija mnunuzi na shilingi 20,000, baada ya kuondoa vifaa zinabaki shilingi 5,000, yaani shilingi 200 kwa saa. Mwenye kukubali bei hiyo hakuuza. Amemfadhili mnunuzi, ambaye pengine ana uwezo kumzidi. Heri mfarishi huo upewe mtoto wa mwanachama asiye na kitu, na jina la kikundi libaki na heshima yake. Anayetaka kuuza na auze kwa 65,000, au asubiri.

Mifarishi ya zawadi iwe na daftari lake. Laandikwa jina la mzazi, tarehe, na majina ya walioshona, basi. Thamani isiandikwe, wala sherehe ya kupiga picha isifanywe juu ya umaskini wa mtu. La muhimu kuliko yote ni kwamba hakuna mtoto wa eneo la chama anayerukwa: awe wa katibu au wa kibarua, wa ndoa au wa binti aliyeko kwa wazazi wake, wa mwanachama aliyelipa hisa zote au wa yule anayedaiwa. Vikundi vilivyoanza kuchagua nani anastahili vimejikuta vikishona fitina.

Katika nyumba nyingi vitu vya mtoto haviandaliwi hadharani kabla hajazaliwa, na desturi hiyo yafaa iheshimiwe. Mfarishi ushonwe, ukunjwe, ukae kwa mmoja wa wazee wa kikundi. Pwani wengi wangependelea siku ya arobaini. Kwingine hupelekwa mara mama arudipo kutoka hospitali. Upelekwe na watu wawili au watatu, si msafara.

Na ikitokea mtoto hakuishi, mfarishi wake usipewe mwingine kwa haraka, kana kwamba ni gunia lililobaki ghalani. Mzee mmoja aende peke yake, siku zikipita, amwambie mama kuwa ulikuwapo. Wako watakaouomba wawe nao. Wako watakaosema apewe mtoto wa jirani, nao wanapewa shukrani kwa ukarimu huo. Wako wasiotaka kuusikia, na mfarishi ukae kwa mzee mpaka mama mwenyewe autaje, hata ikiwa ni baada ya miaka.

Maswali ya kujadiliwa na vikundi

Chama cha Alabama kilipopata mkataba mkubwa wa foronya, kilipata nini na kilipoteza nini? Je, yako mazao au kazi za mikono katika eneo la chama chenu ambazo zimepitia njia hiyohiyo? Katika eneo lenu watoto hupewa nini wazaliwapo, na ni nani hupitwa? Mafundi cherehani wangapi wako karibu, na mabaki yao huenda wapi? Katibu wa kikundi aandike majibu kwa kifupi na kuyasoma katika kikao kijacho cha halmashauri, pamoja na jina la mwanachama atakayekuwa na dhamana ya kuhesabu pini.